Malimbuko ya Mwaka wa Maporomoko

Kwa miaka mingi Sikukuu ya Mavuno niliiona kama yangu. Ibada ikiisha, mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa: ndizi, kuku, viazi, mapea. Mimi nilikuwa mkulima wa kabichi wa Lukozi, msimu mzima Fuso inapakia shambani kwangu, na mzee wa kanisa aliyenadi alijua macho yake yaanzie wapi. Nilipandisha bei mpaka wenzangu wakanyamaza. Nilikuwa mtu wa majivuno, nisiwafiche. Nilidhani hata Mungu alikuwa miongoni mwa walionipigia makofi.

Masika moja mlima ukashuka. Shamba la bondeni likafukiwa, matuta ya juu yakaondoka na maji, na pampu ya kumwagilia hatukuiona tena. Kilichobaki ni kipande cha maharage nyuma ya nyumba, bustani ya mke wangu. Nilishinda barazani siku baada ya siku nikichukia kila kitu, na zaidi ya vyote nikachukia nyimbo alizoimba mke wangu akipika. Alipoteza kama nilivyopoteza, lakini moyo wake ulikuwa umetulia. Utulivu ule niliutamani kuliko shamba lenyewe. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja, nikaacha.

Maharage yalipovunwa hayakujaza hata debe. Kwetu malimbuko hayaonjwi nyumbani kabla ya kupelekwa kanisani, basi mke wangu akachota mabakuli mawili, akayafunga kwenye kanga. Nilimwambia Mungu alishachukua fungu lake, tena bila hodi.

"Lile lilichukuliwa, mghoshi," akasema. "Hili natoa."

Mghoshi, yaani mume kwa Kishambaa, ndivyo anavyoniita akitaka nisikie. Sikusikia. Nilimfuata kanisani nikiwa nimedhamiria kuyarudisha yale maharage, ila mbele ya watu nikaishiwa ujasiri. Mnada ulipoanza nilisimama mahali pangu pa siku zote. Mzee akainua kile kifurushi, akautazama uwanja wote, akaniruka. Najua alinihurumia, na sijawahi kuumia namna ile. Maharage yakaenda kwa mwalimu mmoja mgeni kutoka Tanga, kwa bei ya kawaida tu. Mke wangu akapiga makofi na wenzake.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza, kwa ukali, amefaidi nini. Aliendelea kutembea mpaka tulipofika pale barabara inapopita juu ya shamba letu, au tope lililokuwa shamba letu.

"Mimi nilianza kukuonea huruma zamani, kabla ya mvua hizi," akasema. "Kila mwaka unanunua sadaka za watu. Sijaona hata siku moja ukipeleka ya kwako."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta mwaka mmoja tu wa kumjibu, nikaukosa. Malimbuko ya nyumba yetu yalitoka bustanini kwake miaka yote. Kabichi zangu zilienda sokoni mpaka ya mwisho. Nikakaa chini kando ya barabara nikalia, mtu mzima na suti yangu, vijana wa kwaya wakipita na kuniamkia shikamoo, nami nikishindwa kuitikia. Mke wangu akaketi pembeni yangu kwenye majani, akangoja.

"Bwana," nikasema, "sina kitu cha kuleta."

Mke wangu akaitikia, "Amina."