Pazia la Shanga 27,720

Saa tatu asubuhi. Bibi Shanga ameketi kizingitini, mkasi mkononi, anakata pazia la mlango wake mwenyewe. Shanga za mbao zinadondoka kwenye beseni. Majirani wamepigwa na butwaa, maana pazia hilo ameliringia miaka nenda miaka rudi.

"Msinikodolee macho," anawaambia. "Sijapata wazimu. Nimepata mjukuu."

Kila pazia analolitunga fundi huyu lina shanga 2,520, hazizidi wala hazipungui. Mteja akitaka rangi mbili, saba au kumi, kila rangi hupata mgao sawa. Hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa moja hadi kumi bila baki.

Aliyemtafutia namba hiyo ni mumewe, mwalimu mstaafu, enzi za uchumba wao.

"Wenzangu waliletewa maua," anasema akicheka. "Mimi nikaletewa namba! Nikasema huyu ama ana kichaa, ama ananipenda."

Pazia la mlangoni lilikuwa la wajukuu, kila mmoja na rangi yake. Walipofika kumi, mambo bado yalikuwa shwari.

Mwezi uliopita binti yao wa mwisho, aliyesubiri mtoto mpaka watu wakachoka kuuliza, alikuja na msichana wa miaka minne aliyemchukua awe wake. Mtoto akalitazama pazia.

"Bibi, rangi yangu mimi ipi?"

Babu akapiga hesabu. Rangi kumi na moja, kila moja shanga 229, halafu inabaki shanga moja.

"Basi ziacheni kumi zilivyo," akashauri mwana mkubwa. "Mtoto mtundikieni shanga yake pembeni."

"Mjukuu wangu hatundikwi pembeni!" Bibi Shanga akamkata kauli.

"Shida ni kumi na moja yenyewe," babu akasema. "Ni namba tasa."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Katika hesabu, tasa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Mtaani, ndilo neno alilosengenywa nalo binti yao miaka yote. Binti akainamisha kichwa, na mzee wa watu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha akamshika mkono. "Mwanangu, nisikilize. Tasa haikatwi vipande. Ukitaka iingie, lazima namba nzima ikue mara kumi na moja."

Ikawa 27,720. Binti akacheka, machozi yakimtiririka.

Sasa Bibi Shanga anatunga upya, kwa shanga ndogo, nyuzi 132 zenye shanga 210 kila mmoja. Macho yake hayaoni vizuri tena tundu la sindano, kwa hiyo babu ndiye anayempitishia uzi, naye hulalamika kutwa nzima. Mtoto amechagua zambarau.

Bibi anatumaini kulimaliza pazia kabla macho hayajamsaliti kabisa.

"Tena namba hii ina moyo mkubwa," anasema, akimtupia binti yake jicho. "Kumi na mbili nayo inaingia, bila kuongeza hata shanga moja. Azaliwe, aletwe, shauri yenu. Kwangu habaki mtu."