Mikono ya Mjomba Nzomo

Watu wa Kanyangi husema binamu yangu Mutindi ana kichwa kigumu. Ndiyo, anacho. Bila hicho kichwa angekuwa anauza nyanya sokoni kama mimi.

Aliyemfunza kuchonga ni mjomba wetu, Nzomo. Kwetu mwanamke husuka vyondo, kuchonga ni kazi ya wanaume, na mama yangu alimgombeza mjomba hadi akachoka. Mjomba alimpa msichana tezo, kale kashoka ka kuchongea, akamwambia apige mti bila kuuogopa. Akikosea, kofi. Mzee alikuwa mkali, lakini alimpenda Mutindi kushinda watoto wake.

Sasa, sanamu ya mti mbichi ikikauka haraka hupasuka, kwa hivyo mjomba alikuwa akiizika kwenye udongo wenye unyevu ikauke polepole. Mwaka ule wa kiangazi kikali, unyevu ulibaki kando ya ua wa jirani yetu Mbaluka tu. Hapo ndipo alipozika sanamu ya mama mzee. Baadaye kidogo mjukuu wa Mbaluka akafa kwa homa. Walipokuwa wakimchimbia kaburi, jembe likagonga kichwa cha ile sanamu.

Mtu wa mti amezikwa kwa jirani, na mtoto amekufa! Nani angesikiza habari ya unyevu? Walisema ni uchawi, wakaja na panga na rungu, na wengine wao tunaimba nao kwaya mpaka leo. Walichoma karakana ya mjomba. Walimburuta mjomba kwa miguu, wakampiga mawe mpaka meno yakamtoka. Mutindi akajirusha juu yake. Wakamvunja mbavu, wakamtupa kando. Kisha Mbaluka akalaza mikono ya mjomba juu ya gogo la mzee mwenyewe la kuchongea. Akakata wa kulia, halafu wa kushoto. Alikuwa analia huku akikata.

Mutindi alitambaa, akafunga vile vigutu kwa leso yake. Ndiyo maana mzee hakufa.

Mbaluka alifungwa, akatoka. Mutindi naye hakuweza tena kazi. Kila akishika tezo aliona damu, akasema anaacha. Mjomba, ambaye sasa alilishwa ugali kama mtoto, alimwita.

“Mimi nimekatwa,” akamwambia. “Wewe usijikate.”

Akarudi. Mzee aliketi karibu naye kila siku akimtukana: hapo umechimba sana, hiyo pua ni ya nani? Miaka ikapita hivyo, na Mutindi hakukosa siku, hata alipokuwa na mimba ya kujifungua.

Mwaka jana mjomba akafa. Mutindi alijifungia kwenye karakana aliyoijenga upya, hata kwenye kilio hakuja. Alipotoka alikuwa amechonga mikono miwili, na kucha zake, na mishipa yake. Akaitia kwenye mikono ya koti la marehemu, ndani ya jeneza. Pasta akasema sanamu haiwezi kuzikwa kwa maombi ya kanisa.

“Alizaliwa na mikono, Pasta,” Mutindi akasema. “Ataenda nayo.”

Pasta akaitazama, akafungua Biblia. Watu wakapita kuaga. Mbaluka alipofika na kuona ile mikono, akaanguka palepale akishika ubao wa jeneza. Mutindi alimbandua vidole kimoja kimoja, akafunga kifuniko.