Fundi Oguttu Anapiga Goti

Wako watu wanaoshukuru kwa mambo makubwa: kupona ajali, mtoto kufaulu mtihani, mvua kurudi baada ya kiangazi. Fundi Oguttu wa Dabani anashukuru kwa mchezo wa kuigiza. Kila jioni, baada ya kumshukuru Mungu kwa uzima na chakula, anautaja na huo mchezo. Na kwa kuwa wiki tatu nzima alikuwa anatafuta kila njia ya kuukwepa, mimi shukrani hiyo hunichekesha kidogo.

Oguttu ni seremala. Karakana yake iko mjini Busia, upande wa Uganda, karibu na mahali matrela yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Kwa miaka zaidi ya thelathini ametengeneza vitanda, milango na madirisha ya watu wa pande zote mbili. Mikono yake ni mizuri, lakini mdomo wake ni mzito. Atakueleza habari za mbao ya mvule mpaka uombe ruhusa ya kwenda, ila neno la moyoni mwake hulipati hata ukilichimba kwa patasi. Anayemjua vizuri ni mkewe Taaka, na Taaka naye si mtu wa kupiga kelele.

Mambo yalianza kwa Madam Aanyu, mwalimu mstaafu wa fasihi. Mama huyu Mteso, mwenyeji wa Molo ya Uganda, alifundisha sekondari huko Tororo mpaka mvi zikamjaa kichwani. Ugonjwa wake ni maandishi ya Waingereza wa zama za kati. Aliyasoma chuo kikuu, akayapenda, na sidhani kama alipata hata mwanafunzi mmoja wa kuyapenda kama yeye. Parokia ilipotafuta jambo jipya kwa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Madam alisimama akaeleza kwamba miaka mia sita iliyopita, siku ya sikukuu hiyohiyo, watu wa miji ya Uingereza waliigiza Biblia barabarani juu ya mikokoteni, na kila kundi la mafundi lilipewa kipande chake. Waunda meli walijenga safina ya Nuhu. Waokaji mikate waliandaa karamu ya mwisho. Watengeneza misumari ndio waliomsulubisha Bwana.

Busia ikaingia kazini. Wapika chapati walichukua karamu ya mwisho kabla hawajaulizwa. Vijana wa bodaboda wakawa mamajusi. Wachomeleaji wa vyuma walipoambiwa misumari ni yao walinung'unika kwamba hawataki laana, mpaka padri alipowaombea. Wote walikubaliana mchezo uwe kwa Kiswahili, maana mji una Wasamia, Wateso, Wajopadhola na Wajaluo, na hakuna kabila lililokuwa tayari kumsikia Bwana akizungumza lugha ya jirani.

Maseremala walipewa Yosefu. Madam alisema Yosefu wa michezo ile ya zamani alikuwa mzee mwenye magoti mabovu, na mafundi wote wakageuka kumtazama Oguttu. Akakubali upesi. Alidhani kazi ya Yosefu ni kuvuta punda tu.

Karatasi ya maneno ilifika nyumbani Jumatatu. Miwani ya Oguttu ilikuwa imekanyagwa karakanani, kwa hiyo Taaka ndiye aliyemsomea, wamekaa barazani huku maharage yakichemka jikoni. Yosefu anarudi kutoka kazi ya mbali. Anamkuta Maria ana mimba. Anamtilia shaka, anamsema vibaya, anaondoka. Malaika anamfumbua macho. Yosefu anarudi kwa Maria, anapiga goti, anasema: "Maria, nilikukosea. Nisamehe." Naye Maria anajibu: "Simama, Yosefu. Twende nyumbani."

Taaka alisoma yote kwa sauti ileile anayosomea masomo kanisani. Oguttu aliiomba ile karatasi, akaikunja mara nne.

Miaka thelathini na miwili nyuma, Oguttu alikuwa kijana aliyeoa juzi, akaenda Bungoma kutafuta kazi ya useremala. Alirudi baada ya miezi mitano akamkuta Taaka tumbo limetangulia. Hakumuuliza swali hata moja. Alimsikiliza jirani mmoja, akahesabu miezi kwa vidole na kwa hasira, akaona haitoshi mimba kuwa yake. Asubuhi alifunga mzigo wa mkewe kwenye baiskeli, akaisukuma hadi Masafu kwa wakwe zake. Taaka alitembea nyuma yake, mkono kiunoni.  Oguttu aliushusha mzigo uani akageuza baiskeli.

Mtoto wao, Shallon, alizaliwa kulekule. Mama yake Oguttu ndiye aliyekwenda kumwona, na alirudi amekunja uso. Alimwambia mwanawe kwamba paji lile la uso la mtoto ni lake yeye, tena na masikio, na kwamba aende akalete watu wake kabla mama hajamlaani. Oguttu akaenda. Alimkuta Taaka juu ya mkeka ananyonyesha. Mwanamke yule alikuwa na haki ya kumfukuza, kumtukana, hata kummwagia maji. Alimtazama tu, kisha akasema, "Karibu, Baba Shallon."

Na huyu bwana, badala ya kusema neno moja lililostahili kusemwa, akakaa, akanywa maji, akasema barabara ni mbaya.

Ikaishia hapo. Walirudi Dabani, wakapata watoto wengine watatu, wakalima mihogo na mtama, wakazika wazazi wao, wakamwona Shallon akiwa muuguzi huko Tororo. Taaka hakuitaja Masafu hata siku moja. Alimwita mumewe Baba Shallon asubuhi, mchana na jioni, na kila alipomwita hivyo Oguttu alijua anapewa jina alilokuwa amelikataa. Alimshukuru Mungu kwa mke huyo. Ila mbele ya mke mwenyewe hakulitamka neno hilo.

Basi wakafanya mazoezi barazani. Taaka alisoma Maria na malaika, Oguttu akasema Yosefu. Maneno ya ukali aliyashika. Maneno ya kuondoka aliyashika. Walipofika kwenye goti, alikohoa akasema hiyo sehemu ataifanya siku yenyewe, magoti yanamsumbua. Taaka alikunja karatasi akaenda kutazama chungu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Wiki ya pili Taaka hakuhitaji tena karatasi. Alisema majibu yote ya Maria huku anapeta mtama, na alipofika mahali pa goti alinyamaza, akasubiri kidogo, kisha akaendelea kupeta.

Kile kimya kilimshinda Oguttu. Alikwenda kwa Madam Aanyu kuomba Yosefu apewe mtu mwingine. Alitaja magoti, akataja macho, akataja kitanda cha mteja ambacho hakijaisha. Madam alimsikiliza mpaka visingizio vikamwishia. Oguttu akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini waandishi wale walimfanya mtu mtakatifu amshuku Mama wa Mungu mbele ya soko zima. Hawakuona ni aibu?

Madam alimweleza kwamba watu wale waliamini mapenzi na dhambi hulala nyumba moja, hata nyumba takatifu. Walimwonyesha Yosefu akikosea ili mtu wa sokoni, mwenye kosa lake mfukoni, aione na njia ya kurudi. Halafu akamwambia jinsi walivyopenda kuficha mambo makubwa ndani ya vitu vidogo. Maria kwao alikuwa yungiyungi, alikuwa bustani iliyozungushiwa ua, na zaidi ya yote alikuwa kioo cha dirisha.

"Mzee, wewe naweka vioo kila siku," alisema Madam. "Jua ikipita kwa kioo, kioo navunjika?"

Oguttu alisema hakivunjiki.

"Basi. Walisema Mungu alipita kwa Maria namna hiyo. Kioo ilikuwa safi saa yote. Yosefu ndiye alikuwa na vumbi kwa macho."

Oguttu alirudi nyumbani akiwa bado ni Yosefu. Asubuhi alipoamka, jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la chumbani, dirisha alilolitengeneza kwa mikono yake, vioo na puti ya kuvishikiza. Lilimwangukia Taaka aliyekuwa amekaa kitandani akifunga kitambaa kichwani, shingo yake imekuwa nyembamba siku hizi. Oguttu alimtazama mpaka Taaka akauliza kama kuna kitu usoni. Akajibu hakuna. Alitaka kusema palepale, nawaambia kweli, lakini mdomo ule ulikuwa na kutu ya miaka thelathini na miwili.

Siku ya sikukuu barabara ya kanisani ilijaa. Safina ilipita, mamajusi wakapita wakipiga honi kinyume na maagizo ya padri. Mkokoteni wa maseremala ukasimama mbele ya jengo la parokia. Aidah, fundi cherehani kijana, alikuwa Maria, ana mto tumboni na shuka la buluu. Oguttu alikuwa na fimbo iliyofungwa maua, kwa sababu Madam alisema Yosefu wa zamani fimbo yake ilichanua Mungu alipomchagua. Taaka alisimama mstari wa mbele pamoja na Shallon na wajukuu.

Oguttu alimsema Maria kwa ukali mpaka akina mama wakaguna. Akaondoka, akalala, malaika akamwamsha. Akarudi. Aidah alimngoja upande wa kulia. Oguttu akashika fimbo kwa mikono miwili na kuanza kushuka, goti moja, halafu la pili, mbao za mkokoteni zikalia. Ila uso wake haukuelekea kulia. Alikuwa ameuelekeza kwa watu.

Kijana mmoja wa boda akamwonea huruma. "Mzee, Maria iko huku," aliita, na watu wakacheka.

Oguttu hakugeuka. Alikuwa anamtazama Taaka.

"Nilikukosea," alisema. "Wewe ulikuwa safi saa yote. Nisamehe."

Watu waliendelea kucheka, wakidhani mzee amepoteza njia. Aidah alifungua mdomo kumwokoa, lakini Madam Aanyu, aliyesimama kando ya gurudumu, alimshika shuka. Shallon alimtazama baba yake, kisha mama yake, akaacha kupiga picha. Taaka alimpa Shallon mjukuu aliyekuwa amembeba, akasogea mpaka kwenye ubao wa mkokoteni. Macho yake yalikuwa na maji. Alijua jibu, alikuwa amelishika wiki tatu.

"Simama, Baba Shallon," alisema. "Twende nyumbani."

Akapiga vigelegele mtu mmoja, wakafuata mia. Kule nyuma walisifu uigizaji.

Alasiri walirudi Dabani kwa miguu. Oguttu alisukuma baiskeli, na Taaka alitembea kando yake, si nyuma, ameshika ile fimbo ambayo maua yake yalikuwa yameanza kulegea. Mvua ya juzi ilikuwa imechimba mashimo kila mahali, matope yamewafika vifundoni, na mara mbili Oguttu aliinua baiskeli begani. Alikuwa mwepesi. Alimshukuru Mungu, akawashukuru Waingereza wale waliokufa zamani na ambao hajui hata jina la mmoja wao, akamshukuru na Madam. Kisha akageuka akamshukuru mkewe, kwa sauti, kwa Kisamia, akitaja Masafu kwa jina.

 Taaka alichomeka fimbo kwenye dimbwi kupima kina, akaitoa, akatafuta pa kukanyaga.

"Leo barabara ni nzuri," alisema.