Karim Hakufia Mgeta

TANGAZO KWA UMMA. Wakazi wote wa Morogoro Mjini na vitongoji vyake mnaarifiwa kwamba gari langu la rimoti, lile jekundu lenye ukubwa wa paka aliyeshiba, limekataa kukata kona ya kulia. Linakwenda kushoto tu. Uchunguzi unaendelea. Wananchi mtulie.

Tangazo la namna hii nilikuwa nalituma kwenye grupu letu karibu kila wiki, na jibu lilikuwa lile lile: "Mkude, umeunguza tena? Lete."

Leo asubuhi nimelituma kwa mazoea. Nikakaa nasubiri jibu la mtu ambaye Ijumaa nilimmwagia udongo kaburini. Kichwa kinajua. Vidole bado havijapata hiyo memo.

Ndugu zangu, Karim wetu hayupo. Karim mwenye duka la mapazia pale mjini, daktari wa vigari vya wanaume wazima wenye mvi.

Na naandika kwa sababu kuna picha inazunguka. Karim yuko mteremkoni Mgeta, anahema, jasho linamtiririka, kigari kwapani. Chini wameandika eti ndiyo picha yake ya mwisho, kafia huko akikimbiza midoli.

Picha imefika hadi msibani. Watu wazima wanamwambia mke wake, shemeji Nasrin, "Si ungemkataza na vile vigari?" Mama wa watu yuko eda, anahojiwa kama yuko kwenye kikao cha disciplinary kazini.

Nitafika huko. Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Gari la rimoti lina kimota kidogo kinachogeuza matairi ya mbele, kinaitwa servo. Mimi nilikuwa naviunguza kama mtu anayechoma mahindi. Kila nikiunguza, namlaumu aliyekitengeneza.

Karim alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajashika bisibisi, anainua gari sikioni na kutunyamazisha wote. "Shhh. Tumsikilize mgonjwa."

Siku moja akasikiliza la kwangu. Lilikuwa limesimama tu, lakini kwa ndani linanung'unika, ngriiii, kama bibi aliyenyimwa ugoro.

"Mkude, huyu haumwi. Unamtesa."

"Namtesa vipi, nimemnunua juzi!"

"Rimoti yako umeiseti imwambie ageuke mpaka mwisho kabisa. Amefika mwisho, chuma kimegota, wewe bado unamwambia geuka, geuka. Bosi wako akikufanyia hivyo si utaungua?"

Nikamkumbuka bosi wangu. Nikamsogezea rimoti.

Akabonyeza rimoti, akapunguza kidogo, akasikiliza, akapunguza tena. Mnung'uniko ukakatika. "Umesikia? Anapumua sasa." Alifurahi kama kaokoa mtoto. Nami nikarudi nyumbani nikaongeza tena, maana napenda kona kali. Ndiyo, mnaweza kucheka.

Sasa hiyo picha ya Mgeta.

Ilikuwa mwaka juzi. Tulipanda huko milimani na vigari vyetu kukimbizana kwenye uwanja wa parokia. Mbio zikaisha, nikataka kuokoa betri, nikazima rimoti kabla ya gari. Wenye vigari mmeshashika vichwa. Gari hubaki na amri ya mwisho liliyopewa, hata iwe ya upuuzi gani, na langu amri ya mwisho ilikuwa kukimbia.

Likashuka matuta yote, likaingia kwenye kabichi za mama mmoja wa Kiluguru aliyekuwa anavuna.

"Shikamoo mama," Karim akawahi. "Gari ni la huyu."

"Marahaba. Mibaba mizima hii! Mvi mpaka kwenye nyusi, mnaleta midoli shambani kwangu?"

"Mama, mimi nilimkataza."

"Basi nyote mtabeba."

Tukabeba matenga ya kabichi hadi lilipo lori. Mimi mzaliwa wa huko nililia njia nzima. Karim, mtoto wa mjini, alipandisha tenga lake akashuka tena kulifuata lile gari langu. Hapo ndipo mwenzetu akampiga picha, akihema, amelibana kwapani. Kabla hatujaondoka alikaa chini akaseti magari yetu yote, mawasiliano yakikatika yafunge breki yenyewe.

Hiyo ndiyo picha. Alirudi nyumbani mzima, akalala, akaamka akauza mapazia.

Ilivyokuwa kweli ni hivi.

Alhamisi mchana nilipita dukani wakati wa lunch. Vigari vyote vilikuwa kabatini. Yeye na shemeji ndio kwanza wamekaa kula, chumba cha nyuma. Karim akasema kifua kinabana.

Shemeji hakungoja amalize. Alitoka barabarani miguu mitupu, akasimamisha bajaji kwa kuingia mbele yake. Tukamweka Karim katikati yetu.

"Nasrin, hujala wewe."

"Nyamaza, Karim."

"Sahani umeiacha wazi. Nzi."

"Nimesema nyamaza." Wakacheka wote wawili, kidogo.

Hospitali walimpokea mlangoni na kuhangaika naye sana. Moyo ulikuwa umechoka, na sisi hatukujua, yeye hakujua. Daktari alimwambia shemeji nikisikia: "Mama, mliwahi. Hamkukosea kitu. Kuna moyo haumngoji hata aliyewahi."

Hakukuwa na mteremko, wala mbio, wala mdoli. Kulikuwa na mke aliyekimbia peku kwenye lami ya mchana.

Kwa hiyo ifuteni hiyo picha. Na mwenye swali kwa shemeji Nasrin, amuulize moja tu: umekula?

Lala bila wasiwasi, Karim kaka yangu. Jana jioni mke wangu alikaa na Nasrin mpaka akamaliza sahani.