Bakuli la Dorando

Dorando Bellei alikuwa fundi wa soseji hapa Modena, Italia, na maisha yake yote alishikilia kwamba lambrusko tamu ni soda ya watoto. Divai hiyo nyekundu yenye povu, alisema, lazima iwe na ukakasi, maana kazi yake ni kukata mafuta ya nguruwe mdomoni. Kila Jumapili mkewe, Argia, alipompakulia supu ya tambi zilizojazwa nyama, alimmiminia humo divai kidogo, kama mumewe alivyopenda, mpaka ikawa zambarau.

"Unaiharibu supu ya mama yangu, mshenzi wewe," Argia alimtania, huku akimimina.

Tangu Argia apotewe na kumbukumbu, Dorando hakuionja tena supu hiyo. Kujimiminia mwenyewe hakutaka. Jumapili hii akapika kwa mikono yake, tambi zikampasukia, akalitukana jiko na sufuria. Kisha akaweka bakuli moja mbele ya mkewe, na chupa kando.

Argia akaitazama chupa. Akaishika, akamimina taratibu, akakomea palepale alipokuwa akikomea siku zote. Povu likapanda. Dorando akasogeza kiti karibu naye.

"Umekumbuka, mke wangu?"

"Nitasahau vipi? Mume wangu haili supu bila hii." Akalivuta bakuli kwake, akamkazia macho. "Na wewe mzee, usiiguse. Ifunike. Dorando akitoka kazini atakuwa na njaa."

Dorando akachukua sahani, akaifunika.