Simu Niliyoizamisha Uani

Mimi ndiye nyakanga wa hapa Kitangari, na sipendi kubembelezana. Kwa miaka thelathini mabinti wa hapa wamechezwa unyago na mimi, akiwemo huyo Veridiana wa Mama Oscar, aliyekuwa chuo kikuu mwaka wa tatu.

Simu haikumtoka mkononi mtoto yule! Kompyuta hana. Vitabu alivisoma humo, mwalimu alimsahihisha humo kwa sauti za WhatsApp, na utafiti wake wote, kurasa sitini, aliuandika humo kwa kidole gumba. Anafyeka chini ya mikorosho, sikioni anasikiliza mhadhara. Tulimcheka sana.

Mwezi wa sita alirudi kumcheza mdogo wake. Siku ile ile ya ngoma, kabla ya saa kumi na mbili jioni, alitakiwa autume utafiti chuoni. Asipotuma, mwaka umekwenda na maji. Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba mwaka juzi mshenzi mmoja alitupiga video, mambo yetu ya ndani yakaonekana hadi Masasi. Tangu hapo, simu uani kwenye ngoma marufuku.

Basi katikati ya ngoma nageuka, namwona Veridiana kajibanza kwenye ua, mkono juu, simu imewaelekea mabinti. Hasira zikanipanda, nikampokonya.

"Bibi, natafuta mtandao! Kazi inakwenda, imebaki kidogo. Nakuomba, bibi!"

"Mtandao wa kutuanika, siyo?"

Nikaitumbukiza kwenye pipa la maji, nikaishikilia chini mpaka mwanga wake ukazimika. Wanawake wakapiga vigelegele. Tukamtoza faini ya kuku, mama yake akamleta, nikamla.

Siku ya tatu mwenzake wa chuo, Witness, akampigia Mama Oscar: mwalimu alisubiri mpaka jioni, kazi haikufika. Fundi wa Newala akaifungua simu, akatikisa kichwa. Chuo kikasema arudie mwaka. Arudie kwa uwezo gani? Sasa anaokota korosho kwenye mashamba ya watu.

Jana nilimkuta bombani, wanawake wamejaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Moyo unaniuma, sifichi. Samahani ilinifika kooni. Lakini nyakanga amwombe radhi mtoto aliyemcheza mwenyewe, mbele ya wote wale? Thubutu! Nikamwambia aondoe ndoo yake, mimi nichote kwanza.

Akaiondoa.