Turubai la Mdogo Wangu

Mdogo wangu akija kutoka Tunduma, mama huanza kufagia uwanja tangu alfajiri. Mimi ninayelala naye nyumba moja, ninayemchotea maji na kumkanda miguu, sijawahi kufagiliwa hata kizingiti. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa na moyo gani siku ile ya kisulisuli.

Nilirudi kwa mama, pembezoni mwa Mlowo, baada ya ndoa yangu kuvunjika. Mdogo wangu anauza vitenge kule mpakani, na kila akija anamletea mama doti mpya. Jumapili mama anajifunga hiyohiyo kanisani, na akiulizwa anasema, "Mwanangu kaniletea," kana kwamba ana mtoto mmoja tu.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na vichanja viwili vya kuanikia kahawa, meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu. Kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu, maana naye ana mibuni yake michache hapo nyumbani. Nani anaipalilia? Mimi. Nani anachuma? Mimi. Lakini kichanja chake ndicho kilichopigwa na jua tangu asubuhi, na turubai lake lilikuwa jipya, zito, la bluu. Mimi nilikuwa na nailoni yenye matundu.

Mdogo wangu alikuwa amekuja, lakini mchana ule hakuwapo nyumbani. Alikuwa ameteremka hadi barabara kuu kununua nyama, kwa sababu mama alisema mgeni hali maharage. Mimi nilikuwa nageuza kahawa nikinung'unika peke yangu. Ndipo tukasikia mngurumo.

Huku kwetu, msimu wa kahawa, mtu akisikia mngurumo hafungi dirisha wala haiti watoto. Anakimbilia kichanja. Kahawa iliyooshwa ikinyeshewa inaharibika, na kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Basi mtaa mzima ulitoka nje mbio, watu wazima na akili zao, kila mmoja na turubai mkononi, wakati tulitakiwa kujifungia ndani. Haikuwa mvua.

Nilishaivuta nailoni yangu mama alipotokea mlangoni.

"Achana na hiyo! Funika ya mdogo wako kwanza!"

Niliiacha nailoni yangu, nikaenda. Nikashika ncha mbili za turubai, mama akashika mbili za upande wa pili, kamba ya turubai ameizungusha mkononi, tukawa tunatazamana juu ya kahawa ya mtu aliyekwenda kununua nyama.

Kisha nikauona upepo wenyewe nyuma ya mgongo wa mama. Mavumbi mekundu yalisimama wima juu ya nyumba za majirani yakizunguka, na ndani yake mabati, magunia, blauzi ya mtu. Turubai likajaa upepo likaanza kutuvuta juu. Visigino vya mama viliinuka.

"Shika!" alipiga kelele. "Shika, mwanangu!"

Nikageuza macho. Kahawa yangu ilikuwa inamwagika kutoka kwenye kichanja, inapeperuka. Nikasema moyoni: yangu inakwenda, na mimi hapa nimeshikilia ya kwake. Mikono ilikuwa bado na nguvu. Nikaachia.

Turubai lilimbeba mama kama gunia tupu. Mimi nilijitupa chini ya ukuta, nikaziba masikio na kufumba macho.

Upepo ulipopita, nusu ya paa letu haikuwapo. Vichanja vyote viwili vilikuwa vimelala miguu juu. Mama alikuwa kwenye migomba, kamba bado imemzunguka mkono, na mkono wenyewe umepinda mahali pasipo na kiungo.

Hospitalini, baada ya mama kufungwa plasta, mdogo wangu alikaa kitandani kwake akilia. "Mama, ilikuwaje?"

Nilitazama sakafu. Tulikuwa tumetazamana, mimi na mama. Aliviona vidole vyangu vikifunguka.

"Dada yako alishika mpaka kamba ikakatika," mama alisema. "Asingekuwa yeye, mngeniokota kule mji wa Vwawa."

Mdogo wangu alinikumbatia, akanipa doti aliyomletea mama. Niliipokea. Ningefanya nini?

Sasa paa limerudi na vichanja vimesimama. Mama hajaligusia jambo lile hata siku moja. Mdogo wangu akija, mama bado anafagia uwanja tangu alfajiri, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukunyooka tena. Bado inaniuma, sitadanganya. Nauchukua ule ufagio mkononi mwake, namalizia mwenyewe.

Lakini ule uongo mama aliutunga kwa ajili yangu mimi. Mdogo wangu ana vyote, huo hana, na simwambii.